Msomaji Harekebishwi

Mbwa wangu Otto alikuwa amebakiza meno manne, yote ya nyuma kabisa, siku Arlys Dettmann alipoandika kwenye fomu ya maktaba kwamba mbwa huyo amemng'ata mjukuu wake kidole. Naanza na hayo meno kwa sababu watu waliojua idadi yake walikuwa wawili tu, mimi na daktari wa mifugo, na hakuna aliyetuuliza.

Mimi ni Verna Tesch. Nimewaendeshea basi la shule watoto wa mji huu miaka thelathini na moja, na wengi wa wanaonipita sasa na magari yao makubwa niliwahi kuwafuta kamasi. Nilipostaafu, maktaba ilinichukua mimi na Otto kwa Jumanne za kiangazi. Kazi yenyewe ni hii: mtoto anayesoma kwa shida anaketi kwenye zulia, anafungua kitabu, anamsomea mbwa kwa robo saa. Mbwa hacheki, hasemi "rudia hapo", wala haangalii saa. Maktaba yetu ikifika mwezi wa sita haina pa kukanyaga. Jumatatu kuna vikaragosi, Jumatano watoto wanapewa chakula cha mchana bure, ndoano za kuvulia zinaazimwa kwa kadi ile ile ya vitabu, na wazee wenzangu wanacheza bingo ya vitabu wakigombana hadi wanaacha kusalimiana kanisani. Lakini siku iliyojaa kuliko zote ilikuwa Jumanne, na watu walimjia Otto. Nalisema hilo bila haya.

Otto hakuwa mzuri wa sura. Alikuwa jibwa jeusi, sikio moja limechanika, na alitoa harufu hata akitoka kuoga. Arlys, ambaye ni mwenyekiti wa Marafiki wa Maktaba, hakupenda harufu ile. Yeye ana Pearl, mbwa jike wa rangi ya asali mwenye nywele zinazochanwa kila asubuhi, mara nyingi kuliko zangu. Mara mbili alimwambia mkuu wa maktaba kwamba mji wenye hadhi unastahili mbwa wa kupigwa picha. Mara zote mbili mkuu, Kurt Pelkey, mwanamume mwema asiye na uti wa mgongo, alijibu kwamba atalifikiria.

Basi ikawa Jumanne moja mwezi wa saba, mwaka jana. Nilikuwa nimeenda kumjazia Otto bakuli la maji. Nikasikia mtoto analia karibu na sanduku la kurudishia vitabu, lile la ukutani lenye mlango mzito wa chuma. Nilipofika, Linnea, mjukuu wa Arlys, mtoto wa miaka minane, alikuwa ameshika kidole, na Arlys alikuwa amemshika Linnea. Otto alikuwa amesimama kando yao akimlamba yule mtoto goti.

"Mbwa wako amemuuma!" Arlys akapaza sauti. "Verna, mbwa wako amemuuma mtoto!"

Nilikitazama kile kidole. Kilikuwa na alama moja iliyonyooka, kuanzia upande huu hadi upande ule. Jino gani linaloacha mstari?

"Linnea," Kurt akauliza, akiwa ameinama, jasho linamtoka, "ni kweli? Otto amekuuma?"

Mtoto akamtazama bibi yake. Halafu akaitikia kwa kichwa.

Basi yakaisha. Fomu ikajazwa, Arlys akatia saini, Kurt akatia saini chini yake. Picha ya Otto ikashushwa ukutani, kizibao chake cha rangi ya chungwa nikaambiwa nikirudishe kikiwa kimefuliwa. Mjini watu walianza kumvuta mtoto upande wa pili wa barabara wakituona tunakuja. Mwanamke mmoja niliyempeleka shule miaka tisa aliniuliza kama sitampiga Otto sindano. Hakuwa na maana ya chanjo, bali ile ya kumuua.

Otto hakuelewa. Kila Jumanne saa nne kasoro robo alikwenda kukaa mlangoni, akiniangalia, anangoja funguo za gari. Alifanya hivyo vuli yote na baridi yote. Mwezi wa tatu akafa, akiwa bado ni mbwa aliyeng'ata mtoto.

Nilimchukia Arlys. Nilimchukia nikipiga mswaki, nilimchukia nikikoroga chai, nilimchukia kwenye foleni ya posta nikiwa nyuma yake na lile koti lake. Na yule mtoto pia nilimchukia, kusema kweli. Alijua, akaitikia kwa kichwa. Sikutaka kuombwa radhi faraghani kwa kadi yenye maua. Nilitaka jina la Otto lisafishwe pale pale lilipochafuliwa, mbele ya watu wale wale, na nilitaka Arlys aumie wakati linasafishwa.

Mwezi wa tano LaVonne, rafiki yangu anayekaa kaunta ya maktaba, akanipigia simu.

"Shoga, njoo uone tangazo. Lakini njoo ukiwa umeshakula."

Nikaenda. Ukutani, pale pale alipokuwa Otto, kulikuwa na picha ya Pearl mwenye utepe shingoni. Chini yake, kwenye karatasi ya kung'aa, masharti mapya ya Jumanne, yaliyoandikwa na mwenyekiti mwenyewe ili "tukio la mwaka jana lisijirudie". Niliyasoma mara tatu. Msomaji ni wa umri wowote, maana wakazi wa nyumba ya wazee nao huja. Msomaji anachagua mwenyewe cha kusoma. Msomaji hakatizwi wala harekebishwi na mtu yeyote. Mwenye mbwa ashike kamba muda wote, asiondoke, asiseme neno.

"Mbona unacheka?" LaVonne akauliza.

"Nipe orodha ya kujiandikisha."

"Verna."

"Nipe kalamu pia."

"Verna Tesch, una miaka sabini na miwili."

"Imeandikwa umri wowote. Unataka kunirekebisha?"

LaVonne akanipa kalamu. Nikajiandikisha Jumanne zote za mwezi wa saba, saa nne na robo, wakati chumba kimefurika.

Nyumbani nikakaa kwenye meza ya jikoni, nikaandika. Sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko orodha ya sokoni, lakini hasira ni mwalimu mzuri wa tahajia. Niliandika hadithi ya mbwa mweusi aliyewasikiliza watoto, na mwanamke aliyeitwa Mama Mwenyekiti, ambaye nywele zake hazikutikisika hata kwa kimbunga. Nikamweka na msichana. Nikamwita Kidole.

Jumanne ya kwanza niliingia na karatasi zangu kwenye bahasha. Arlys alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti yamepanda hadi kifuani, kamba mkononi. Aliniona nikijishusha kwenye zulia, jambo lililochukua muda.

"Verna," akasema kwa tabasamu, "hii ni ya watoto, mpenzi."

Nikanyoosha kidole kuelekea kwenye tangazo. "Mwenye mbwa asiseme neno."

Akina mama waliosimama kando ya ukuta wakacheka, wakidhani ni utani. Nikavaa miwani, nikamtazama Pearl, ambaye masikini hana kosa lolote katika habari hii, nikaanza.

"Palikuwa na mbwa mweusi mwenye sikio lililochanika. Alisikia vitabu vingi kuliko mwenyekiti yeyote."

Watoto wakasogea. Nilipofika kwa Mama Mwenyekiti na nywele zake, mmoja akaangua kicheko, wote wakafuata. Arlys akawa mwekundu kuanzia shingoni. Akatupia jicho lile tangazo lake. Robo saa nzima alishika ile kamba mpaka vidole vikawa vyeupe, na sijawahi kula keki yenye utamu wa robo saa ile.

Jumanne ya pili watu walikuja na viti vyao vya bustani. Hata wale wa bingo walikuja, na wao hawaji mahali pasipo na kahawa. Nilisoma mbwa anavyoketi mlangoni kila Jumanne akingoja. Hapo nilisoma polepole, na sikumwangalia mtu.

Baadaye nikamsikia Arlys ofisini kwa Kurt, mlango ukiwa wazi nusu.

"Ananidhalilisha! Kila wiki! Mwondoe!"

"Arlys, lakini masharti ni yako..."

"Basi yabadilishe!"

"Tukiyabadilisha katikati ya msimu watu watauliza kwa nini," Kurt akasema. "Nami sitajua niwajibu nini. Wewe utawajibu nini?"

Nikasikia mkoba wa Arlys ukifungwa kwa nguvu. Angeweza kumchukua Pearl akaenda zake, bila shaka. Lakini mji mzima ungeuliza kitu gani kimemkimbiza, na Arlys hajawahi kukimbia mbele za watu. Niliondoka pale nikipiga mluzi.

Linnea alikuwapo kila mara. Mama yake hufanya kazi Jumanne, kwa hiyo yeye hushinda na bibi yake. Alikuwa anakaa sakafuni chini ya rafu ya vitabu vya picha, kitabu kimefungwa mapajani, hakifungui. Nilimwona. Sitasema sikumwona. Kila nilipofika kwa Kidole nilipaza sauti kidogo ili imfikie. Watoto wengine walishaelewa. Jumanne ya tatu mmoja alimgeukia akamwinulia kidole, na wenzake wakacheka, na mimi nikageuza ukurasa.

LaVonne alinifuata hadi kwenye gari siku ile.

"Kwa Arlys nakuunga mkono," akasema. "Ningekuletea hata maji ya kunywa. Lakini yule ni mtoto, Verna."

"Alikuwa mtoto pia alipoitikia kwa kichwa."

"Mwenzangu, umekuwa mgumu."

"Nenda kamwambie hayo Otto," nikasema, nikawasha gari.

Jumanne ya nne, ya mwisho, hakukuwa na nafasi hata ya kutupa kofia. Kurt alisimama mlangoni akiwa amekunja mikono, uso kama wa mtu anayengoja kung'olewa jino. Nilikuwa nimeipanga siku hii. Leo lile sanduku la vitabu lingetokea kwenye hadithi, na mlango wake wa chuma, na ile alama iliyonyooka. Watu hawa si wajinga, wangeunganisha wenyewe.

Nikasoma. Nilisoma mlango unavyofunga, nikasoma kidole kinavyobanwa, nikasikia akina mama wakivuta pumzi. Mtu mmoja nyuma akasema, "Ehe, hata mimi nilishangaa, mbwa mzee vile." Arlys alikuwa amekaza macho kwenye zulia. Ningeweza kuishia hapo, na ushindi ungekuwa wangu. Lakini nilikuwa nimemwandikia kila mtu sehemu yake, na iliyofuata ilikuwa ya Kidole.

"Na Kidole aliujua ukweli wote," nikasoma, kwa sauti ya juu. "Aliulizwa, na angeweza kusema. Lakini alikuwa mtoto mwongo, aliyependa kuhurumiwa kuliko..."

"Si-sivyo."

Linnea alikuwa amesimama. Kile kitabu kilikuwa kimeanguka miguuni pake.

"Si-si hivyo i-ilivyokuwa," akasema tena.

Chumba kizima kikamgeukia. Nami, badala ya kuona aibu, nilipandwa na hasira. Mwaka mzima alinyamaza, leo ndiyo anapata mdomo!

"Kama wewe unajua zaidi," nikamwambia, "njoo ukae hapa usome wewe."

Nilidhani ataketi. Hakuketi. Alipita katikati ya watoto, akaniondolea karatasi mkononi, akakaa kwenye zulia mbele ya Pearl.

"Linnea!" Arlys akasema. "Inuka hapo sasa hivi. Huyu mtoto hajui anacho..."

"Arlys," Kurt akasema.

Sauti yake ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Watu wote walimtazama, na nadhani hata yeye alijishangaa.

"Yuko kwenye zulia," akasema. "Ndiye msomaji. Hakatizwi."

Linnea hakusoma nilichoandika. Alizishika karatasi mbele ya uso wake, lakini macho yake yalikuwa kwa mbwa, na alizungumza na mbwa, neno moja moja, mengine yakikwama mdomoni kwa muda mrefu. Hakuna aliyemmalizia neno.

"O-Otto hakuniuma. Nilikuwa narudisha ki-kitabu. Bibi alikuwa na haraka, akasukuma mlango. Hakuona ki-kidole changu." Akazisogeza karatasi karibu na uso. "Akasema mama akijua, si-sitaachiwa tena kwenda kwake. Akasema mbwa ni mbwa tu, ha-hatajua kitu."

Pearl akaweka kichwa juu ya goti lake. Linnea akaendelea.

"Nilikuwa namsomea Otto. Kwa mtu mwingine mimi si-sisomi. Nilidhani atapumzishwa wiki moja tu. Halafu ikawa hi-hivyo."

Sikumkumbuka akimsomea Otto. Niseme kweli, nilipekua kichwa changu chote na sikumkumbuka. Misimu sita watoto walipita pale, na mimi nilikuwa namtazama mbwa.

Arlys alikuwa ameachia kamba. Akina mama wa kando ya ukuta wakawavuta watoto wao karibu, na huku kwetu hilo ni baya kuliko matusi. Nikainuka, nikishikilia rafu.

"Sema, Arlys," nikamwambia.

"Verna, tafadhali. Si mbele ya..."

"Alichafuliwa mbele ya hawa hawa. Sema."

Aliangalia mlangoni, akaona watu wamejaa hadi nje. Nywele zake zilikuwa zimeanza kumlegea upande mmoja.

"Ni mimi," akasema. "Mlango niliusukuma mimi. Mbwa hakufanya lolote."

"Ana jina."

"Otto," akasema Arlys, na akaanza kulia. "Otto hakufanya lolote."

Nilifurahi. Nitakuwa mnafiki nikisema vingine. Nilifurahi kwenye mbavu, nilifurahi, nikajishusha tena pale kwenye zulia. LaVonne alikuwa amesimama kaunta anafuta macho. Kurt akasema, bila kuombwa, kwamba picha ya Otto itarudi ukutani leo hii na ile fomu ataichana mwenyewe, na mtu mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata. Arlys alitoka katikati ya makofi hayo akiwa ameinamisha kichwa, mkoba kifuani, na watu walimpisha bila kumgusa. Sijuti hata chembe kwa upande wake. Hata leo.

Kelele zilipotulia niligundua Linnea hajaondoka. Alikuwa bado ameketi mbele yangu, magoti yetu yanakaribia kugusana, anazipanga karatasi zangu pembe kwa pembe, kama watoto wanavyofundishwa kurudisha kitu cha mtu. Akanipa.

"Bibi Verna," akasema. "Yule Ki-Kidole. Mwishoni inakuwaje kwake?"

Mwisho wa Kidole ulikuwa ukurasa wa tisa. Niliuandika Jumapili baada ya ibada, na ndio niliouandika kwa raha kuliko zote. Shuleni hakuna anayemjibu akisalimu. Mbwa wote wa mji wanavuka barabara wakimwona. Anakua, anazeeka, na hakuna kiumbe kinachotaka kumsikiliza. Nilimsomea LaVonne kwenye simu, nikashangaa kwa nini amekata simu.

"Sijaandika bado," nikasema.

Linnea akazitazama karatasi mkononi mwangu. Zilikuwa nene. Ukurasa wa tisa ulikuwa umejitokeza kidogo upande, na neno la kwanza kabisa, kwa mwandiko wangu mkubwa, lilikuwa Kidole. Niliona midomo yake ikianza kulitamka, taratibu, bila sauti, kisha ikasogea kwenye neno lililofuata.

Sikuwa na mfuko, wala mkoba, na bahasha ilikuwa mbali. Nikaziweka karatasi chini, nikazikalia.

Watoto wawili watatu wakacheka. Linnea hakucheka.

"Umezikalia," akasema.

"Ndiyo," nikasema.